Sigiri chumbani, uzi wa sweta na baridi ya Kapchorwa: jibu kwa mama wa mimba ya kwanza

"Musawo (mhudumu wa afya) shikamoo. Nina mimba yangu ya kwanza, wiki 26 sasa. Mimi nimekulia Arua kwenye joto, mwaka huu ndio nimehamia Kapchorwa, huku milimani mashariki mwa Uganda, kwa mume wangu, na hii baridi ya mwezi wa saba inanimaliza, asubuhi ukungu unafunika mpaka huoni ng'ombe wa jirani. Usiku mume wangu ananiletea sigiri (jiko la mkaa) chumbani, tunafunga dirisha tunalala na joto, lakini nikiamka kichwa kinauma na kichefuchefu kimerudi kama miezi ya mwanzo, hata yeye siku zingine anaamka na kichwa, tunafikiri ni baridi. Duka la dawa wamenipa diklo ya maumivu. Mama mkwe anasema baridi imeshaingia tumboni na mtoto atazaliwa na nimonia, nisitoke asubuhi, na nisifume sweta maana uzi utamzunguka mtoto shingoni. Mimi nilikuwa napenda kutembea na kukimbia kidogo asubuhi, na kufuma ndio kitu kinanituliza jioni. Sasa niache vyote nikae ndani mpaka nizae? Naogopa kumuudhi mama mkwe na naogopa pia kumdhuru mtoto."

Marahaba mdogo wangu, na hongera sana kwa mimba. Nimesoma swali lako mara mbili, na kabla sijagusa mambo ya uzi na baridi kuna maneno mawili umeyapitisha haraka katikati ambayo mimi ndiyo yameniogopesha: "hata yeye". Mume wako hana mimba. Kama hicho kichwa kingekuwa cha mimba, yeye kisingemuuma, na kama kingekuwa cha baridi basi Sebei nzima, hilo eneo lenu lote la milimani, ingekuwa inaamka na kichwa kila asubuhi. Watu wawili wakilala chumba kimoja na wote wakaamka na kichwa kilekile, tafuta kitu ndani ya chumba, na chumba chenu kina sigiri inayowaka dirisha likiwa limefungwa. Kwa hiyo hata kama hutasoma mpaka mwisho fanya mambo mawili tu: leo usiku sigiri isiingie chumbani, na kesho asubuhi mwende wote wawili kituo cha afya, na ukifika useme wazi kwamba mmekuwa mkilala na sigiri.

Jiulize pia hivi. Ukishatoka nje asubuhi, ukachota maji, ukakaa uani saa moja au mbili, je hicho kichwa kinapungua? Siku ambazo mkaa uliisha mkalala bila sigiri, uliamka vipi? Ukikuta kinaisha ukitoka nje na hakiji usiku usio na moto, jibu umeshalipata karibu lote.

Sasa nieleze inavyokuwa, manake watu wengi wanaogopa moshi na wanaona mkaa ni salama kwa vile hauna moshi. Kuni zikifuka utakohoa, macho yatatoa machozi, utafungua mlango mwenyewe bila kuambiwa. Mkaa unawaka kimya, mwekundu mzuri, hauna moshi, hauna harufu, na palepale unatoa hewa inaitwa kaboni monoksaidi ambayo huioni, huinusi, na haikukohoshi. Damu yako kazi yake kubwa ni kubeba hewa safi ya oksijeni kutoka mapafuni kupeleka mwili mzima. Ifikirie kama boda pale stendi, kila boda ina nafasi ya abiria, oksijeni anapanda, anafikishwa, anashuka, boda inarudi kuchukua mwingine. Hii hewa ya mkaa inakalia kiti kilekile cha oksijeni na inakishika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe, ikishapanda haitaki kushuka. Boda zipo, zinazunguka, lakini zimebeba abiria asiyeshuka, kwa hiyo mwili unakosa hewa wakati wewe unapumua kama kawaida. Ubongo ndio wa kwanza kulalamika, kichwa kinauma, kichefuchefu, kizunguzungu, uzito wa mwili, usingizi. Mama mjamzito akipata dalili hizo anasema "ni mimba tu", na hapo ndipo hatari inapojificha.

Kwa mtoto ni mbaya zaidi. Yeye hapumui, oksijeni yote anaitoa kwenye damu yako kupitia kondo la nyuma, na damu ya mtoto aliye tumboni inashika hiyo hewa ya mkaa kwa nguvu kuliko yako na inaiachia taratibu sana. Wewe ukitoka nje kwenye hewa safi, nusu ya iliyo kwenye damu yako inatoka ndani ya masaa manne mpaka sita hivi. Yake bado iko. Ukilala tena usiku unaofuata na sigiri anaongezewa juu ya ile ambayo haijaisha, yaani wewe unaweza kujisikia umepona kabisa saa sita mchana na mtoto bado anahangaika. Alafu kumbuka huko Kapchorwa mko juu, zaidi ya mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, hewa yenyewe ni nyepesi na wewe umetoka Arua ambako ni chini zaidi, kwa hiyo akiba ya oksijeni mliyo nayo si kubwa ya kuchezea.

Najua mtaniambia mmeweka sufuria ya maji pembeni. Karibu kila nyumba niliyoingia milimani wanaweka maji, na wanaamini kabisa. Maji yanasaidia koo lisikauke, basi, hii hewa haiyeyuki kwenye maji kiasi cha kukusaidia. Wengine wanasema tunaingiza sigiri moto ukishakufa, umebaki mkaa unaofifia na majivu juu. Hapo ndipo nakuomba unisikie vizuri kabisa: mkaa unaofifia, ule ambao haupati hewa ya kutosha, ndio unaotoa hewa hii kwa wingi. Ile sigiri imefunikwa majivu mnaiweka chini ya kitanda "iwape joto la mwisho" ndiyo mbaya kuliko ile inayowaka uani. Na kijitundu kidogo juu ya mlango hakitoshi kwa chumba ambacho watu wamelala masaa nane.

Nimekuwa mkunga miaka mingi na kuna asubuhi moja mpaka leo sijaisahau. Waliletwa mama na mumewe wamebebwa kwenye blanketi, mimba ya miezi minane. Mama mkwe wao alikuwa amegonga mlango mara tatu kuwaita wakachukue maji, kimya, akasukuma mlango. Aliniambia kitu cha kwanza alichoona ni kwamba chumba kilikuwa na joto zuri sana na wao wamelala vizuri, mashavu mekundu, akataka hata kurudisha mlango awaache wapumzike. Hakurudisha, na ndiyo maana mama na baba walipona. Mtoto hatukumpata. Siandiki hivi nikutishe, naandika kwa sababu yule mama naye wiki nzima kabla ya siku ile alikuwa anaamka na kichwa, na kila mtu nyumbani alimwambia ni mimba.

Ukifika kituoni, hakikisha wanajua habari ya sigiri manake wasipoambiwa hawataifikiria, na kuna kitu kimoja kinapotosha hata wahudumu: kile kimashine cha kubana kidole cha kupima oksijeni. Hakiwezi kutofautisha abiria, kinaona kiti kimekaliwa kinahesabu ni oksijeni, kinaonyesha 98 na wewe damu imejaa hewa ya mkaa. Kwa hiyo wakisema "mashine iko sawa" usikubali kurudi nyumbani hivihivi kama dalili bado unazo. Dawa yake ni oksijeni ya kuvaa kwenye pua na mdomo, na kwa mjamzito inapewa muda mrefu kuliko mtu mwingine, kwa sababu ya huyo mtoto anayeachia taratibu, na mapigo ya moyo wa mtoto yasikilizwe. Kituo cha Afya III kikiwa hakina oksijeni wakupe rufaa hospitali ya Kapchorwa siku hiyohiyo.

Alafu mimi sikuoni, nakusoma tu, kwa hiyo sitaki tushike sigiri tukasahau mengine. Kichwa kinachouma baada ya wiki 20 za mimba lazima presha ipimwe na mkojo upimwe protini, hiyo haina mjadala, kwa sababu presha ya mimba inaanza hivyohivyo na mimba ya kwanza ndiyo inapenda kupata. Na upimwe malaria. Watu wa milimani wanasema huku hakuna mbu, wapo, wachache tu, na mimba ya kwanza malaria inajificha kwenye kondo la nyuma unaweza hata usipate homa kali. Chandarua chenye dawa ulale nacho hata baridi iwe vipi, na Fansidar ya kliniki, dawa ya kuzuia malaria, unapewa kila mwezi kuanzia wiki ya 13, angalau mara tatu kabla hujazaa, isipokuwa kama unatumia Septrin kila siku, hapo mwambie mkunga wako hatakupa.

Na diklo acha leo. Huyo wa duka la dawa labda hakuuliza mimba ina wiki ngapi. Hizi dawa za jamii ya diklofenaki na ibuprofeni kuanzia wiki ya 20 zinaweza kupunguza kazi ya figo za mtoto, na maji ya chupa anayoogelea kwa umri huu sehemu kubwa ni mkojo wake mwenyewe, figo zikilegea maji yanapungua. Mimba ikikaribia miezi saba na kuendelea zinaweza pia kubana mshipa mkubwa karibu na moyo wake ambao unatakiwa ubaki wazi mpaka azaliwe. Umeshameza vidonge vichache? Usilie, vichache mara nyingi havileti shida, mwambie tu mkunga umemeza vingapi na siku ngapi. Kichwa kikiuma Panadol inafaa, kwa dozi iliyoandikwa, lakini kichwa ambacho Panadol haikitulizi hicho si cha kukaa nacho nyumbani.

Sasa utaniuliza, musawo umenitolea sigiri, nitalalaje? Swali la haki kabisa, kwa sababu kukaa unatetemeka usiku kucha nako si maisha. Mimi huwa nawafundisha wamama kitu cha jerikeni. Chukua kile kijerikeni kidogo cha mafuta cha lita 3 au 5, kisiwe kinavuja, chemsha maji uani kwenye sigiri hiyohiyo, yakitoka kuchemka yaache yapoe kidogo ndio uyamimine ili plastiki isilegee, funga kifuniko uigeuze chini juu uone kama inadondosha, alafu izungushie kitenge mara mbili uiingize kitandani upande wa miguu nusu saa kabla ya kulala. Utaingia kitandani kama kifaranga chini ya mbawa za mama kuku. Kaa nayo miguuni, usiiweke tumboni wala usiikumbatie ikiwa inaunguza. Miguu ikipata joto mwili mzima unalala.

Baridi nyingi inatoka chini, sementi ya nyumba zetu inakunywa joto la godoro, kwa hiyo mkeka au maboksi yaliyokunjuliwa chini ya godoro yanasaidia kuliko hata blanketi la tatu juu. Vaa soksi, vaa nguo nyepesi mbili tatu badala ya koti moja zito, oga maji ya uvuguvugu jioni mapema. Kama chumba lazima kipate moto basi sigiri iingie saa moja jioni mlango na dirisha vikiwa wazi, itolewe kabisa nje, chumba kipate hewa, ndio mfunge mlale. Lakini nikisema ukweli wangu, hata hiyo siipendi, kwa sababu siku mtakayochoka mtasinzia nayo ndani.

Haya, tuje kwa mama mkwe. Kwanza ujue mama huyo anakupenda, mtu asiyekujali hakwambii usitoke kwenye ukungu. Na kuna sehemu ana haki kubwa, nitafika hapo. Ila baridi haiingii tumboni. Mtoto yuko katikati ya mwili wako, ndani ya maji ya chupa, ndani ya mfuko wa uzazi, na joto lake liko juu ya lako kwa kama nusu digrii, yaani hapo alipo ndipo penye joto kuliko popote ndani ya nyumba yenu. Mimba nayo imekuongezea damu karibu nusu ya ile uliyokuwa nayo. Mikono ikiwa ya barafu ni kwa sababu mwili umebana mishipa ya ngozi ili joto libaki ndani, kwake. Nimonia nayo inaletwa na vijidudu, mtoto hazaliwi nayo kwa sababu mama alikanyaga umande.

Sehemu ambayo mama mkwe ana haki ni hii: akishazaliwa, baridi ni adui kweli. Anatoka kwenye joto la digrii 37 na kidogo anakutana na chumba cha Kapchorwa akiwa ameloa, kichwa kikubwa ukilinganisha na mwili, mafuta ya ngozi kidogo, na hajui kutetemeka kama sisi. Anapoa kwa dakika chache. Ndiyo maana tunamkausha papo hapo, tunamlaza kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, tunamvalisha kofia, na tunasema asiogeshwe mpaka yapite masaa 24. Najua kwa wengi kumuogesha mtoto haraka ni heshima kwake, lakini hiyo subira ya siku moja inaokoa. Kwa hiyo yale mahangaiko ya mama mkwe yapeleke huko, mpe kazi: yeye awe mlinzi wa joto la mtoto siku ya kuzaa, ashike blanketi kavu mbili na kofia, na ahakikishe hakuna anayekimbilia beseni.

Na hapo ndipo nataka uendelee kufuma. Uzi wa sweta haufiki kwenye kamba ya kitovu, hakuna njia inayowaunganisha. Kamba hiyo ina urefu wa sentimita 50 mpaka 60 hivi, mtoto anageuka, anapiga teke, anabingirika ndani, na akibingirika anaweza kujizungushia shingoni, inatokea kwa kama mtoto mmoja katika kila wanne au watano, mama awe anafuma au hajawahi kushika sindano maisha yake yote. Wengi wanazaliwa salama kabisa, kamba imejaa ute mzito unaoteleza usioruhusu mishipa ibanwe kirahisi, na sisi wakunga tunapoona kichwa kimetoka tunapitisha kidole shingoni, tukiikuta tunaiteremsha juu ya kichwa kama mkufu, kazi inaendelea. Nadhani imani hii inashika kwa sababu mama akizaa mtoto mwenye kamba shingoni watu wanarudi nyuma kutafuta alifanya nini, na anayefuma anakutwa na uzi mkononi. Asiyefuma anatafutiwa kingine, shanga au kamba ya mbuzi aliyoiruka.

Shida ya kweli ya kufuma ni vifundo vya mikono. Mimba inaleta maji mwilini, na pale kifundoni kuna kinjia chembamba ambamo mshipa wa fahamu wa vidole unapita, kikivimba unabanwa, unaamka usiku vidole vina ganzi kama umeunguzwa na upupu. Ukianza kuona hivyo punguza, fuma nusu saa uache, lala mikono ikiwa imenyooka usiikunje chini ya mto. Na usikae kwenye kigoda masaa matatu mfululizo, damu ya miguuni inalala, simama, zunguka uwanja, rudi. Fuma kofia kwanza, kichwa cha mtoto mchanga kinakuwa kama sentimita 34 au 35 kuzunguka na uzi unavutika, kwa hiyo kofia ya sentimita 30 mpaka 32 itamshika vizuri bila kuanguka machoni. Usiweke kamba za kufungia shingoni, usiweke vifungo vinavyochomoka, na chagua uzi laini uufue kabla hajauvaa. Tatu zinatosha kuanzia, maana ya kwanza italoa.

Kutembea usiache. Uko kwenye nchi ya wakimbiaji, tangu Kiprotich alete dhahabu ya marathoni kutoka Olimpiki ya London mwaka 2012 na Chemutai wa Bukwo kuleta dhahabu yake ya mbio za kuruka viunzi na maji kutoka Tokyo mwaka 2021 watoto wote huko wanakimbia, sioni kwa nini wewe ufungwe ndani. Mjamzito asiye na tatizo anashauriwa dakika kama 150 kwa wiki za mazoezi ya kawaida, gawanya upendavyo. Kipimo ni mdomo wako: ukiwa unatembea na unaweza kuongea sentensi nzima uko sawa, ukiongea maneno mawili mawili punguza. Kukimbia kidogo kwa mtu aliyekuwa anakimbia tangu kabla ya mimba si kosa, lakini wewe ni mgeni wa milima na una wiki 26, na kitu ninachokiogopa huko kwenu ni lile tope jekundu. Mimba inalegeza viungo na tumbo limekuvuta mbele, mguu ukiteleza hujishiki kama zamani. Kwa hiyo ngoja jua lichomoze, ukungu upande, njia ikauke kidogo, kama saa tatu au nne asubuhi, vaa raba zenye meno au gambuti, tembea kwa haraka badala ya kukimbia mteremko. Lakini anza baada ya kupimwa hicho kichwa. Ukianguka na tumbo likagonga chini, hata kama huumwi, nenda kaangaliwe siku hiyo.

Boda nayo, kwa vile najua utaipanda tu: usikae upande. Kwenye zile kona za Kapchorwa ukikaa upande huna pa kujishikilia, vaa suruali ndani ya gomesi ukalie kawaida miguu huku na huku, elmeti, mwambie kijana aende polepole, na mvua ikinyesha subiri.

Chai kidogo tuiguse. Kwenye baridi mtu anakunywa chai kutwa nzima, na ile chai ya majani inazuia mwili kuchukua madini ya chuma kwenye vile vidonge vyekundu vya kliniki. Kunywa kidonge na maji au na chungwa, chai ije baada ya saa moja au mawili. Kahawa ya mlimani ni nzuri sana, najua, kikombe kimoja kwa siku, viwili vidogo, basi. Na maziwa ya kibuyu au ya kutoka moja kwa moja kwa ng'ombe chemsha kwanza, vijidudu vya brusela vya ng'ombe kwa mjamzito vinaweza kutoa mimba. Maji ya kawaida kunywa hata kama huna kiu, ukipungukiwa maji ni rahisi zaidi kupata maambukizi kwenye mkojo.

Usingoje asubuhi wala usingoje nikujibu mimi ukiona kichwa kikali kisichopoa, macho yanaona nyota au ukungu, uso au mikono imevimba ghafla, damu yoyote, maji yanayotoka, homa, tumbo linabana na kuachia, au mtoto uliyemzoea akicheza ametulia kuliko kawaida yake. Na siku yoyote mtu ndani ya nyumba yenye moto akianza kulegea au kuongea maneno yasiyoeleweka, mvuteni nje kwanza kwenye hewa, ndio muulizane. VHT, yule mhudumu wa afya wa kujitolea wa kijiji chenu, muombe namba yake leo uiandike ukutani.

Kwa mama mkwe usiende na maneno "musawo amesema umekosea". Mchukue muende naye kliniki, akae pale asikie mapigo ya moyo wa mjukuu wake, alafu umuombe yeye ndiye akuchagulie rangi ya uzi wa kofia ya kwanza. Na mume wako muonyeshe hili jibu lote, kwa sababu yeye ndiye anayebeba sigiri kwa upendo akidhani anawapa joto, na yeye pia anahitaji kupimwa. Mkirudi niandikie zile namba mbili za presha, ya juu na ya chini, na mkojo umeonyesha nini, na kama mmelala usiku mbili tatu bila moto ndani, kichwa kimekuwaje kwako na kwake.